Kutoka Mbeya hadi meza ya watengeneza chipu: mwongozo kamili wa kujiunga na ujumbe wa biashara wa semikondakta na fotoniki

Mezani kwangu, hapa karakana ya Mafiati, kuna bodi ya umeme ya ukubwa wa kiganja yenye doa jeusi pembeni. Ilitoka kwenye mashine ya kuchagua kahawa kwa rangi, katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa huko Mbozi. Mashine hiyo humulika punje zinapoporomoka, kamera yake huziangalia kwa kasi ambayo jicho la mtu haliiwezi, na ikitokea punje nyeusi, vali hupuliza hewa, fyu, punje inaruka pembeni. Transista moja, swichi ndogo ya umeme, ikiungua kwenye bodi, vali moja inakufa, na katika mstari wake punje mbovu zinapita pamoja na nzima. Mzee mwenye kiwanda alinipigia msimu ukiwa umepamba moto. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, mashine imekuwa chongo."

Bodi hiyo ndiyo iliyonifikisha Munich, Ujerumani, Novemba, nikiwa na koti la mtumba la Mwanjelwa na begi lenye vifaa vingi kuliko nguo. Tangu nirudi, vijana wa Mafinga, Iringa na hapa hapa Uyole wananiuliza njia niliyopita. Nimechoka kueleza kwa simu vipande vipande, kwa hiyo nimeandika yote hapa, na makosa yangu nimeyaacha ndani.

Ujumbe wenyewe ni nini, na unatuhusu vipi

Ujumbe wa biashara ni kundi la kampuni za nchi moja, wakati mwingine za kanda, linalosafiri pamoja chini ya mwandaaji mmoja. Mwandaaji hutafuta mikutano ya ana kwa ana, hupanga ziara za viwandani, na mara nyingi huliunganisha kundi na maonyesho makubwa. Nauli, malazi na viza kwa kawaida ni juu yako. Usafiri wa ndani na orodha ya mikutano ni juu yake, lakini yaone kwa maandishi.

Semikondakta ni mali inayopitisha umeme kwa masharti, ndiyo inayotengenezewa transista na chipu. Mtu akiisikia anawaza Taiwan na vyumba visivyo na chembe ya vumbi. Ni kweli, lakini paneli ya sola juu ya bati lako Chimala ni semikondakta. Taa ya LED ni semikondakta. Fotoniki ni ufundi wa kuuzalisha mwanga, kuuongoza na kuupima: leza, kamera, sensa, nyuzi za faiba za Mkongo wa Taifa wa mawasiliano zinazopita hapa kuelekea Tunduma. Kifaa cha mkononi kinachomulika parachichi la Njombe au Rungwe na kukuambia ukavu wake, yaani sehemu isiyo maji, bila kulikata ni fotoniki tupu, na kina kazi, maana viwango vya kimataifa vinataka parachichi la aina ya Hass liwe na ukavu usiopungua asilimia 21 kabla ya kuvunwa kwa soko la nje.

Kuna na la Ziwa Rukwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya utafutaji walitangaza kuwepo kwa gesi ya heli katika bonde hilo. Heli hupoza mitambo ya kutengeneza chipu na hutumika viwanda vinapovuta nyuzi za faiba, kwa hiyo ukisema unatoka upande huu wa Tanzania mtu anaweza kukuuliza habari zake. Jibu unachokijua na uishie hapo. Usiandike "heli" wala "madini adimu" kwenye karatasi ya kampuni yako kama huna leseni ya Tume ya Madini. Hayo ni maneno ya madalali, na mezani yananuka upesi.

Jiulize unakwenda kama nani

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi nilikaribia kuharibu. Karatasi yangu ya kwanza iliandika kwamba sisi ni "watengenezaji wa suluhisho za kielektroniki". Tuko wanne. Tunatengeneza vidhibiti vya pampu za sola na vipima unyevu wa mahindi, na tunafufua mashine za watu. Hakuna mtu Ulaya au Asia anayetarajia umletee chipu kutoka Mbeya. Kiwanda kimoja cha kisasa cha chipu hugharimu mabilioni ya dola. Ukijifanya mkubwa, swali la pili tu litakuumbua.

Una nafasi tatu za kweli. Unaweza kuwa mnunuzi wa vipuri na mashine. Unaweza kuwa fundi mshirika, yaani mtu wa kufunga na kuhudumia bidhaa zao Nyanda za Juu Kusini na ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Au wewe ni mtengenezaji mdogo anayetaka sensa au moduli ya kuweka ndani ya kifaa chake. Chagua moja iongoze, nyingine zifuate nyuma.

Halafu lipime tatizo lako. Hili ndilo ningemwambia mtu kama angenipa dakika moja tu. Wale watengenezaji wana bidhaa nyingi kuliko wateja wanaoweza kueleza shida yao kwa namba. Nilikopa kifaa cha kurekodi volti nikakiacha kwenye kiwanda cha yule mzee wiki tatu. Umeme unaotakiwa kuwa volti 230 ulishuka hadi 171 na kupanda hadi 258, na bodi ziliungua si umeme ulipokatika bali uliporudi. Nikaongeza joto la ndani ya kasha saa nane mchana na picha ya vumbi la maganda lililoganda kwenye vali. Yote hayo yakaingia ukurasa mmoja. Huo ukurasa ulinifaa kuliko brosha ya kurasa kumi na mbili niliyochapisha kwa gharama pale mjini, ambayo hakuna hata mmoja aliyeifungua mbele yangu.

Chagua ujumbe na maonyesho yanayokufaa

Kama hujawahi kukaa meza moja na mgeni wa biashara, anza na ujumbe unaokuja kwetu. Kampuni za nje huja Dar es Salaam kwa makundi, na balozi zao hutafuta Watanzania wa kukutana nao. Gharama yako ni basi la usiku au ndege kutoka Songwe, na ukikosea, umekosea nyumbani.

Ujumbe wa kwenda nje utausikia kupitia TanTrade, ile mamlaka yenye maonyesho ya Sabasaba. Kupitia TCCIA, chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na kilimo, chenye matawi Mbeya na Iringa. Na kupitia TPSF, taasisi ya sekta binafsi. Usisubiri tangazo. Nenda tawi la TCCIA, lipa ada ya uanachama, acha namba, na mwambie ofisa kwa kinywa chako kwamba unataka ya elektroniki. Tangazo la korosho na utalii litazunguka makundi yote ya WhatsApp. La semikondakta litakaa kwenye barua pepe ya mtu mmoja mpaka lipitwe na wakati. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wasikose kujua upo, na kama una kifaa ulichokibuni, ongea na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na wahandisi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga. Barua ya chuo inayosema kifaa chako kimepimwa ina uzito.

Kuhusu maonyesho, haya ndiyo ya kuweka kwenye kalenda. Electronica ya Munich, ya vipuri vya elektroniki, hufanyika Novemba ya miaka shufwa. Ile ya 2024 ilikuwa tarehe 12 hadi 15. Miaka witiri mahali hapo hapo kuna productronica, ya mashine za kutengenezea elektroniki. Kwa leza na kamera kuna Laser World of Photonics, Munich pia, miaka witiri. Ya 2025 ilikuwa Juni 24 hadi 27. Shenzhen, China, wana CIOE, ya fotoniki, kila Septemba, na Taipei wana SEMICON Taiwan, ya semikondakta, mwezi huo huo. India wameanza SEMICON yao mwaka 2022, na kwa mfuko wa Mtanzania India ni karibu.

Ushauri wangu usiopendeza masikio: kama shida yako ni mashine nzima ya kuchagua mchele wa Mbarali au kahawa ya Mbozi, usiende Munich. Nenda Hefei, jimbo la Anhui, China, ambako viwanda vya mashine hizo vimejaa mji mmoja. Munich ni pa kutafuta kilicho ndani ya mashine: transista, sensa, lenzi, kinga ya umeme. Mimi nilikuwa na bodi iliyoungua, kwa hiyo Munich ilinifaa.

Jihadhari na waandaaji wa mfukoni. Kuna mwaka nililipa "ada ya uratibu" kwa kundi moja, sitalitaja, nikaahidiwa mikutano sita. Hadi leo sijaona hata orodha ya majina. Kabla ya kulipa, omba jina la maonyesho, tarehe, orodha ya kampuni zilizokubali kukutana nanyi, na akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu binafsi ya kutumia pesa, hapo umeshajibiwa. Tarehe za maonyesho zihakiki mwenyewe kwa waandaaji wa maonyesho.

Makaratasi ya nyumbani

Hapa sitakaa sana. Unahitaji usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara iliyo hai, na cheti cha mlipakodi asiyedaiwa kutoka TRA. Akaunti ya benki iwe ya jina la kampuni. Wengi wetu mauzo yote yanapita kwenye simu, halafu siku ya viza taarifa ya benki inaonyesha kampuni iliyolala usingizi. Anza miezi sita kabla kuyapitisha mauzo benki.

Kama kifaa chako kina Wi-Fi, Bluetooth au laini ya simu ndani, jua kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndio wanaoidhinisha vifaa vya namna hiyo. Kama kinapima kitu kinachouzwa, Wakala wa Vipimo wanahusika. Mgeni atakuuliza umefika wapi, na "tunafuatilia" haimtoshi. Mwambie umewasilisha lini.

Na hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Kama umebuni kitu kipya kweli, peleka maombi BRELA au ARIPO, shirika la Afrika la haki za ubunifu, kabla ya safari. Ukikionyesha hadharani kwanza, Ulaya na kwingineko kitahesabiwa si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni wewe mwenyewe.

Ukurasa mmoja na namba za forodha

Karatasi ya kampuni iwe ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, na kwa lugha ya mwenyeji kama unaweza. Iwe na nani, wapi, mmefanya nini kinachohesabika, mnatafuta nini, na picha mbili. Eleza Mbeya ni wapi. Usiseme "kusini mwa Tanzania" ukaishia hapo. Sema mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, umezungukwa na kahawa, chai, mpunga na parachichi. Mhandisi mmoja alipoona mita 1,700 aliuliza papo hapo kuhusu upozaji, maana hewa nyembamba hupoza vibaya kuliko ya pwani. Namba moja ikazaa dakika kumi za mazungumzo.

Weka na namba za ushuru za unachotafuta, zinafanana karibu dunia nzima. Diodi, transista, LED na seli za sola ziko 8541, chipu zenyewe 8542, leza 9013, mashine za kuchagua nafaka na mbegu 8437. Mfanyabiashara wa Shenzhen asiyeelewa Kiingereza chako ataielewa 8541.

Kuchagua mikutano

Ukikubaliwa kwenye ujumbe utapewa mfumo wa kuomba mikutano. Ufungue siku hiyo hiyo. Kampuni zinazojulikana hujaa mapema, na kusema kweli hazina muda na wewe. Tafuta za kati: wenye watu hamsini hadi mia tatu, na wasambazaji wanaouza kwa kiasi kidogo. Kiwanda kikubwa kitakuambia oda ya chini ni vipande elfu kadhaa. Msambazaji anakuuzia vipande vichache.

Ombi lako liwe sentensi tatu. Langu lilisema: tunahudumia mashine za kuchagua kahawa zenye vali nyingi, transista zinaungua umeme unaporudi kutoka chini ya volti 180, tunatafuta mbadala unaohimili hali hiyo na kinga yake. Niliomba kumi na nne, nikajibiwa saba, tano wakakubali. Watano wanatosha. Mikutano minane kwa siku inageuka foleni ya hospitali.

Viza, usiidharau

Pasipoti kwanza. Ya kielektroniki, tuliyoanza nayo 2018, unaiombea Uhamiaji. Kwa Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, inatakiwa ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka kwao, iwe haijapita miaka kumi tangu itolewe, na iwe na kurasa mbili wazi.

Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Siku 15 ndio muda wa kawaida wa kujibiwa, lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo mtu wa Mbeya ahesabu miezi miwili na nusu. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa zaidi, na alama za vidole unatoa mwenyewe, maana yake safari ya Dar. Iunganishe na shughuli nyingine, usilipe nauli kwa ajili ya vidole kumi.

Barua ya mwaliko iseme jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Dada mmoja wa kundi letu, mwenye sola Makambako, alialikwa kwa jina la ndoa na pasipoti ina la baba. Akaomba barua upya, siku tisa zikapotea. Ambatanisha pia ushahidi kwamba una cha kurudia: leseni, mkataba wa pango, orodha ya mafundi, oda zinazoendelea.

China wanatoa viza ya M kwa biashara, na inataka barua ya mwenyeji au ya maonyesho.

Begi

Betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa hupanda nawe ndani ya ndege, haziendi kwenye mizigo ya chini. Hadi saa-wati 100 hakuna shida. 100 hadi 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu ni rahisi: volti mara amp-saa. Betri ya volti 12.8 yenye amp-saa 7 ni 89.6, inapita. Iandike kwenye karatasi na kuibandika juu ya betri, maana askari wa ukaguzi hana muda wa hesabu zako.

Bodi tupu yenye nyaya zinazoning'inia, ukaguzi wa uwanjani, ni mazungumzo marefu. Iweke kwenye kasha linaloonyesha, na barua ya kampuni inayoeleza ni sampuli isiyo na thamani ya kibiashara. Vifaa vya thamani vioneshe kwa forodha kabla ya kutoka, vikiandikwa kwa namba zake, ili ukirudi usiambiwe unaingiza mali mpya. Kama unabeba kahawa mbichi au parachichi kwa ajili ya majaribio, ulizia kwanza TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, cheti cha afya ya mimea, na kwa kahawa Bodi ya Kahawa.

Viatu viwe vya kutembelea. Uwanja wa maonyesho wa Munich, kule Riem, una kumbi kumi na nane. Ni Sabasaba ambayo mabanda yake yako ndani ya majumba, na treni ya chini ya ardhi, U2, inakushusha mlangoni. Baridi ya Novemba mtu wa Mbeya aliyezoea Julai ya Kitulo ataihimili, mradi glavu zipo.

Saa

Hili nimelitengea kichwa chake kwa makusudi. Mwenzetu wa Iringa, fundi wa faiba, alipata mkutano na watengenezaji wa mashine za kuunga nyuzi. Ratiba ilisema 9:00. Kichwani akasoma saa tisa. Akazunguka mabanda asubuhi nzima, akala, akafika saa tisa alasiri akiwa ametulia kabisa. Mtu alimsubiri saa tatu asubuhi, akaondoka. Tukabaki tukicheka kwenye treni, lakini yeye hakucheka.

Andika ratiba yote upya kwa mkono, kwa saa zetu. 9:00 ni saa tatu asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri. Na simu yako iache ibadilike yenyewe: Munich iko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya baridi, saa moja majira ya joto.

Dakika ishirini

Mkutano ni dakika ishirini, wakati mwingine kumi na tano. Salamu za kwetu hazitoshei. Sisemi usisalimie, salimia, toa kadi, kaa, weka kitu mezani.

Mimi niliweka bodi yenye doa. Sikusema neno. Yule mhandisi, mtu wa makamo, aliigeuza, akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akaangalia kwa muda mrefu kiasi cha mimi kuanza kuhesabu dakika zangu. Akasema hiyo transista haikufa kwa joto, imekufa kwa volti iliyoruka. Nikampa ukurasa wa vipimo. Akauliza nani alipima. Nikasema mimi. Kuanzia hapo aliacha kuniangalia kama mgeni wa maonyesho, akachora kwa kalamu kinga ambayo ingegharimu senti chache, na akataja sehemu tatu za kununua, mojawapo si ya kampuni yake.

Maswali niliyojifunza kutouacha mkutano bila kuyauliza: oda ya chini ni kiasi gani, sampuli zinatolewa bure au kwa bei, kipuri hiki kitaendelea kutengenezwa hadi lini, na nani anahudumia Afrika Mashariki sasa. La mwisho ni la dhahabu. Jibu likiwa "hakuna", umepata nafasi. Likiwa "kampuni ya Nairobi", umepata mtu wa kumpigia.

Usizungumzie punguzo mkutano wa kwanza. Usisaini mkataba wa kutunza siri mezani. Chukua, soma hotelini, omba mwanasheria auangalie. Na andika kila kitu kabla ya kusimama kwenda meza nyingine, kwa sababu jioni sura zote zinafanana.

Vitu ambavyo hawatakuuzia kirahisi

Baadhi ya teknolojia hizi zina sura mbili, ya kiraia na ya kijeshi, na nchi zinazotengeneza zina sheria za kuzidhibiti. Makubaliano ya Wassenaar, ya nchi nyingi kudhibiti mauzo ya vitu hivyo, yapo tangu 1996, na Umoja wa Ulaya una kanuni namba 821 ya mwaka 2021. Uholanzi tangu Septemba 1, 2023 inataka leseni kwa baadhi ya mashine za kuchapia chipu. Hizo si za bajeti yetu, lakini kamera ya joto unayotaka kufunga kwenye droni ili kuangalia mashamba ya chai Mufindi inaweza kukugusa. Kamera za joto zinazopiga picha 9 au pungufu kwa sekunde huwa na masharti mepesi kuliko za kasi zaidi, na kwa kuangalia shamba 9 zinatosha.

Ukiletewa tamko la mtumiaji wa mwisho, lijaze ukweli: nani, wapi, kwa kazi gani. Usilijaze kwa niaba ya rafiki aliyekuagiza "kamera moja tu". Jina litakalobaki kwenye faili ni lako.

Ukirudi

Siku mbili za kwanza ni za barua pepe, hata kama umechoka na ndugu wanataka zawadi. Kila uliyekutana naye apate barua fupi yenye picha ya kitu mlichozungumza, jambo moja uliloahidi, na jambo moja aliloahidi yeye. Baada ya wiki mbili kumbusha mara moja. Baada ya hapo muache.

Oda ya kwanza iwe ndogo hata kama bei inauma. China wengi wanataka asilimia 30 kwanza na 70 kabla ya kupakia. Kubali, lakini omba video ya kifaa kikifanya kazi kabla ya hiyo 70. Elewa bei imeishia wapi: FOB inaishia bandari yao, CIF inafika Dar es Salaam na bima, na kutoka bandarini hadi Mbeya hakuna herufi zinazokulipia. Ongeza VAT ya asilimia 18 na gharama za wakala wa forodha, na uliza mapema kuhusu ukaguzi wa TBS, shirika la viwango, unaofanyika nchi ya asili kabla ya kupakia. Mzigo uliokuja bila cheti hicho hukaa bandarini ukikulia pesa.

Transista zangu ishirini na vipande vya kinga vilifika Dar kwa kifurushi cha ndege, vikapanda basi la usiku, nikavichukua asubuhi stendi ya Nane Nane nikiwa na risiti mkononi kama mtu anayepokea mgeni. Tulichomelea bodi tano. Mbozi walikuwa wiki ya tatu ya msimu. Nne zinafanya kazi hadi leo. Moja iliungua siku ya kumi na moja. Nilituma rekodi ya volti ya usiku ule na picha ya doa jipya. Jibu lilirudi kabla ya saa sita mchana, likiuliza waya wa ardhi wa kiwanda umefukiwa kina gani. Nikampigia mzee. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ngoja nikamuulize aliyeufukia, kama bado anaukumbuka."